Nani Kasema Kibandani Hawataki Filamu Nzuri?

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, leo sina hadithi. Nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe nauanzia nyumbani, kwetu sisi tunaojiita wapenda fasihi, kabla sijawageukia wenye kumbi na wenye vibanda.

Kuna filamu ambazo tukikaa vijiweni tunazitaja sana ili tuonekane wajuzi. Si zile za kampuni kubwa za Marekani zinazotundikwa kwenye majumba ya sinema ya madukani, ambako tiketi moja ni mlo wa siku mbili. Ni zile za kujitegemea: mtu kaazima kamera, kakusanya ndugu na jamaa, kapiga picha kwa hela za kuungaunga, kasema lake bila kumwomba bosi ruhusa. Huko ng'ambo filamu hizo zina majumba yake kabisa, sinema ndogo za sanaa, na zina wapenzi wanaorudia filamu ileile miaka nenda miaka rudi mpaka wanaikariri kama dua. Hapa kwetu zina jioni moja moja katika kumbi za vituo vya utamaduni vya nchi za nje, nyuma ya geti lenye mlinzi. Zina na tamasha: ZIFF ya Zanzibar, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1998, huzionesha Ngome Kongwe. Baada ya hapo kimya.

Na sisi tukitoka huko tunatikisa vichwa na kusema: "Hizi kitu watu wa uswahilini hawaziwezi. Wao wapelekee Rambo."

Huo ni uongo. Tena ni uongo wenye faida kwetu, ndiyo maana tunaupenda. Ukishasema wengine hawawezi, wewe umeshakuwa mmoja wa wachache wanaoweza, na hujatoa jasho lolote.

Nilipata kuingia ukumbi mmoja wa namna hiyo hapa Dar, jina nauacha. Kiingilio bure. Lakini bure nayo ina bei yake. Getini mlinzi ananitazama viatu kwanza, kisha ananiuliza naenda wapi, na nyuma yake ukutani tangazo linasema wote mnakaribishwa. Ndani, utangulizi kwa Kiingereza. Filamu yenyewe ya Kiafrika, watu weusi kama mimi wanasema lugha yao, na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza mbio kama daladala iliyokwepa trafiki. Mimi nina cheti changu cha kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani, si cha kukimbizana na picha. Nikisoma maneno, uso wa mtu umenipita. Nikitazama uso, maneno yameshaondoka. Wa mbele wakicheka, sisi wa nyuma tunacheka sekunde tatu baadaye, kwa heshima tu. Halafu yakaja maswali na majibu, Kiingereza vilevile, akasimama Mswahili mwenzetu, tena mwandishi, akasema tatizo la filamu hizi ni kwamba watu wa kawaida hawana subira nazo.

Nikajisemea moyoni: kaka, hao watu wa kawaida wako wapi humu ndani? Kesi gani hiyo inayohukumiwa mshtakiwa hakuitwa?

Tuulize basi swali la maana. Watu wetu walianza lini kushindwa na picha za lugha ngeni? Waulizeni wazee waliokuwa vijana enzi za Empire, Avalon na Empress hapa Dar, au Majestic kule Zanzibar. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani nzima na watu wasiojua Kihindi hata cha kuombea maji. Walielewaje? Aliyeiona jana alimweleza anayeiona leo. Mmoja ananong'ona, safu nzima inasikia. Lugha ngeni haikuwafukuza watu sinema, kwa sababu kila safu ilikuwa na msimulizi wake.

Msimulizi huyo baadaye akahama kwenye kiti, akashika kipaza sauti. Zilipoingia video na majumba makubwa yakaanza kufa moja moja, uswahilini yakaota mabanda ya mabati na makuti: benchi, runinga, feni moja inayozungusha joto. Ndiyo hayo tunayoyaita vibanda umiza. Na humo akazaliwa fundi ambaye fasihi yetu mpaka leo haijampa hata kigoda. Anatazama picha, anasema Kiswahili juu yake, anawapa watu majina, anaeleza kwa nini yule kamsaliti huyu, anatia methali, anatia kijembe. Mitaa ya Dar inalijua jina la Lufufu. Kenya wanamjua DJ Afro. Uganda wako vijei wanaosimulia kwa Kiganda. Mwaka 2018 Mkenya Likarion Wainaina alitoa Supa Modo, filamu ya binti mgonjwa anayeota kuwa shujaa wa sinema, na ndani yake akamtia msimulizi wa kibandani bila kumkejeli. Filamu hiyo ilifika mpaka tamasha la Berlin. Yaani Berlin wamemwona fundi wetu, sisi bado tunamwita mpiga kelele.

Nasikia mtu kule nyuma anasema: "Lakini kusimulia juu ya filamu ni kuiharibu, sanaa ina heshima yake." Sawa. Hebu twende Japani. Enzi za filamu bubu, Wajapani walikuwa na watu walioitwa benshi. Benshi alisimama pembeni ya pazia, akasimulia, akasema sauti za wahusika wote, mume, mke na mtoto. Walikuwa mastaa. Watu walilipa kumsikiliza benshi fulani kuliko kumtazama mwigizaji fulani. Kaka yake Akira Kurosawa, mkubwa wa filamu za Japani, alikuwa benshi. Leo sinema za sanaa za Ulaya na Marekani zikimwalika benshi, watu wanavaa vizuri na kusema huu ni urithi wa dunia. Fundi wa Manzese akifanya kazi ileile kwa Kiswahili, anaambiwa anaharibu. Mnieleze tofauti iko wapi, isipokuwa viatu.

Tena mkoloni alilijua hili kabla yetu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Wakazipakia kwenye lori, wakazizungusha Afrika Mashariki na kwingineko, na maelezo yakatolewa kwa lugha za wenyeji. Hawakusema "watu hawa hawana subira." Walikuwa na neno la kuwaambia, wakatafuta lugha ya kuwafikia. Neno lenyewe lilikuwa la kibwana, sawa. Lakini sisi tunaojisifu tuna neno zuri zaidi, tumeshindwa hata kupakia lori?

Sasa nije kwa mtu ambaye kila mwandishi mchanga lazima amjue. Ousmane Sembène wa Senegali hakuanza na kamera. Alianza na kalamu kama wewe. Alikuwa mbeba mizigo bandarini Marseille, Ufaransa, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Akaandika nyingine, akasifiwa. Kisha akatazama nyuma akaona wale anaowaandika, kina mama wa sokoni, makuli, wakulima, hawasomi Kifaransa, na wengi hawasomi kabisa. Hakusema hawana subira. Mtu mzima huyo, karibu miaka arobaini, alifunga safari hadi Moscow kusomea filamu. Akarudi, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika kama ishirini.

Ngoja nikusimulie kwa mtindo wa kibandani:

"Haya, mnamwona huyo? Huyo ndo steringi wetu. Hana bunduki, hana karate. Ana farasi na mkokoteni. Mji ni Dakar. Asubuhi kaswali, kaomba riziki, ndani hakuna kitu. Kaingia barabarani. Huyu abiria huyu, kapanda, kashuka, kampa mkono. Mkono, jamani! Mkono unapikwa? Haya, kapata vihela. Katokea msifu mababu, anamwimbia, babu yako alikuwa shujaa, babu yako alikuwa simba. Kichwa kimevimba, kamtolea hela zote. Wewe steringi wewe! Huyu naye kabeba nini? Maiti ya mwanawe mchanga. Mpaka makaburini. Getini wanasema karatasi zako hazijakaa sawa. Hata kaburi lina geti! Sasa kaja mtanashati, suti, anahamia uzunguni. Steringi anasema bosi, kule mikokoteni marufuku. Bosi anasema usijali, nawajua wakubwa. Wamefika. Polisi huyo! Bosi yuko wapi? Bosi kayeyuka. Mkokoteni umekamatwa. Nishani yake ya vita imeanguka, askari kaikanyaga. Anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mkewe anamwachia mtoto mkononi, anatoka, anasema leo tutakula. Anaenda wapi? Mimi sisemi. Wewe unajua."

Basi. Hadithi hii niliwasimulia waendesha bodaboda wa kijiweni kwetu, kwa mdomo tu, hatukuwa na runinga wala picha yoyote. Hakuna aliyeniuliza Sembène ni nani. Mmoja aliuliza: "Mkokoteni waliurudisha?" Mwingine akamjibu kwa hasira: "Warudishe wapi, we hujawahi kukamatwa?" Na hapo wakaanza kuhesabu, kila mtu na pikipiki yake, na siku waliyofukuzwa katikati ya jiji, na bosi aliyesema usijali nawajua wakubwa. Wamebishana nusu saa juu ya yule mke: alikosea au hakukosea? Ndugu yangu wa ukumbini, huo mjadala ungelipia tiketi kuusikia. Hakuna mwandishi mmoja aliyekuwepo.

Halafu liko jambo moja ambalo wenye kusema tafsiri inaharibu hawalitaji. Katika Borom Sarret yule mwenye mkokoteni anawaza kwa Kifaransa. Sauti iliingizwa baadaye, juu ya picha. Mkokoteni wa Dakar, mawazo ya Kifaransa! Kwa hiyo ukimpa Kiswahili unamharibia nini? Sembène mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, na watu wake wakasema Kiwolofu. Akawa anazunguka na filamu zake mikoani, anaonesha, anabishana na watazamaji hadi usiku. Na alipotoa Ceddo mwaka 1977, serikali ya Senghor, rais aliyekuwa mshairi, ikaizuia. Sababu iliyotolewa? Tahajia. Serikali ilitaka d moja, Sembène akashikilia mbili. Ndiyo mjue lugha ndani ya filamu si jambo dogo. Watu wamefungiana milango kwa herufi moja.

Aliye mgumu wa kuelewa nimpeleke jirani, Kampala. Mtaani Wakaliga, Nabwana Isaac alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa fedha inayosemwa haikuzidi dola 200 za Marekani, bunduki zikiwa za vyuma chakavu. Leo filamu hiyo ina wafuasi dunia nzima, na nyingine yake, Bad Black, ilipendwa kwenye tamasha la Texas mwaka 2016. Wapenzi wa filamu za ajabu huko Marekani wanaishangilia. Wanashangilia nini hasa? Wanashangilia sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayepiga kelele juu ya picha toka mwanzo hadi mwisho. Toleo lisilo na sauti yake halipo tena. Nabwana alilifuta ili kompyuta yake ipate nafasi ya kazi nyingine. Filamu ya kujitegemea ya Afrika Mashariki inayojulikana sana ughaibuni imebaki duniani ikiwa imeshikana na kipaza sauti cha kibandani. Ukitenganisha, hakuna filamu.

Lakini nao wanaocheka huko, wengi wanacheka kama mtu anayeona tumbili kavaa koti. Wanadhani VJ ni kichekesho tu. Sisi tunajua ni mkalimani, ni mwalimu, ni manju. Tusipolisema sisi, atalisema nani?

Sasa nawageukia wenye vibanda. Nyie nanyi mna lenu. Mnasema biashara ni mpira na mapigano, watu hawataki picha ya kufikiri. Mmejaribu lini? Jumatatu isiyo na mechi benchi ziko tupu, feni inazungukia nzi. Na baadhi ya wasimulizi wenu wamekuwa wavivu. Asipoelewa anabuni, akiishiwa anatukana, mwanamke akitokea tu kwenye picha ni kejeli mpaka anakufa. Watu wanacheka, ndiyo, lakini wanatoka mikono mitupu. Hizo ni kelele kweli, na hapo wanaowabeza wana haki.

Ila pengo hilo, vijana wenzangu, lina ukubwa wetu kabisa. Sisi ndio tunaodai tunajua Kiswahili. Sisi ndio tunaoshinda tukilia hakuna mchapishaji, hakuna soko la riwaya, miswada inaliwa na panya chini ya kitanda. Mimi mwenyewe nina wangu, sura kumi na moja, haujasomwa na watu zaidi ya watano. Na mita mia moja kutoka kitandani kwangu kuna banda lenye watu sitini wanaomsikiliza mtu mmoja akisema Kiswahili saa mbili mfululizo, na wamelipa! Mwandishi gani wa gazeti hili amewahi kulipwa na wasikilizaji sitini kwa usiku mmoja? Hadhira ipo, imekaa kwenye benchi, tunapita nje tukiziba masikio.

Kuna watakaoniambia sheria. Kweli kabisa, na mimi sisemi tuibe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na Bodi ya Filamu ipo toka sheria ya 1976. Vibanda vingi vimekula jasho la watu bila kuuliza, na wanaoumia zaidi si kampuni za Marekani, ni akina siye waliokopa kamera. Lakini filamu hizi za kujitegemea ndizo rahisi kuombewa ruhusa. Mwenyewe hana mawakili hamsini. Ana anwani, ana simu, na anachokililia ni kutazamwa. Mwandikie, mwambie wazi: tunataka kuionesha banda fulani, kwa Kiswahili, usiku mmoja, na kiingilio tutagawana hivi na hivi. Akikataa, mwombe mwingine.

Wengine watasema, weka maandishi ya Kiswahili chini, inatosha. Yawekwe, nani kakataa? Lakini wewe hujakaa benchi la nyuma kabisa, mbele yako vichwa ishirini, runinga ya inchi thelathini na mbili, na pembeni yako bibi aliyekuja na mjukuu. Kibandani sauti inafika kuliko herufi. Anayependa kusoma asome, anayesikiliza asikilize.

Nanyi wenye kumbi zenye viyoyozi, msidhani nimewasahau. Filamu mnazo, mashine mnazo, na bajeti za utamaduni mnazo. Kila mnapoonesha filamu ya Kiafrika, toeni fungu la kuandikiwa usimulizi wa Kiswahili, tena umlipe kijana wa mtaani auandike na ausome. Siku ya pili ileile filamu ihame na fundi wake iende Mbagala, Tandale, Vingunguti. ZIFF imewahi kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, watu wakakaa chini ya mti usiku wakatazama. Ikiwezekana Pemba, Mbagala kuna mkosi gani?

Nanyi watengenezaji wa Bongo mnaojitegemea, msituanzishie Ulaya tukaja kusikia habari zenu kwenye simu. Filamu yenu ya Kiswahili inapata makofi Toronto kabla mama ntilie aliyeigiza ndani yake hajaiona. Ipelekeni kwanza kwa aliyewapa uso wake.

Kuhusu sisi, kazi ni ndogo kuliko riwaya. Kila kikundi cha waandishi kichague filamu moja fupi. Itazameni mara kumi. Andikeni usimulizi wake, kila neno lipimwe, mhusika asitukanwe pasipo sababu, na penye kimya muache kimya kifanye kazi. Kisha mkamsomee mwenye kibanda. Akisema watu hawataki, mwombeni Jumatatu moja tu.

Mimi nimeshaanza wa Borom Sarret. Nimefika pale getini makaburini, na sentensi inanisumbua, kwa sababu baba yule haongei sana na mimi naongea mno. Barua ya ruhusa nayo naiandika. Ni dakika ishirini tu za filamu. Anayeona nakosea asinijibu kwa makala. Aje kibandani na ya kwake, watu wa benchi watuamue.